Wimbo wa Mama Kimya

Mama Kimya hakuwa mtu wa kutoka jioni. Miaka yote aliyofanya kazi, jioni kwake ilikuwa saa ya kwenda kibaruani. Wenzake wakifunga maduka na kurudi makwao, yeye anafunga kitambaa kichwani, anavaa raba zake, anashika njia ya kiwanda cha mikate, na huko anakaa na matanuri mpaka kunakucha. Ukitaka kumjua vizuri mtazame mikono. Kuanzia kiwiko hadi kiganja kuna mistari ya moto iliyoachwa na trei, ya zamani imefifia, ya juzi bado ina wekundu. Hakuificha hata siku moja. Alisema wa kuficha mikono ni wale wenye mikono laini, maana hao hatujui wanakula kwa kazi gani.

Basi alipostaafu, kiwandani walimpa saa ya ukutani na keki. Saa aliiona ni matusi, kwa sababu mtu aliyekesha akiitazama saa nusu ya umri wake, leo unampa saa akaifanyie nini? Keki akaionja, akasema imekosa chumvi, akachukua mkoba wake akaenda zake. Ndivyo alivyo, na anayemtaka mpole akamtafute kwingine.

Jina hilo la Mama Kimya alipewa na wapangaji wa jengo alilokaa zamani, na hawakumpa kwa mapenzi. Anayefanya kazi usiku hulala mchana, na mchana ndio wakati watoto wanacheza mpira kwenye ngazi na mafundi wanapiga nyundo. Mama Kimya aligombana na wote. Watoto walimkimbia, mafundi walijifunza kuchungulia dirishani kwake kabla hawajainua nyundo. Mmoja tu ndiye aliyemshinda, na huyo alikaa chumba cha pili, ukuta kwa ukuta. Alikuwa mpiga saksafoni. Mama Kimya alimbandika jina la Bwana Honi, kwa sababu kwake yeye ile haikuwa ala ya muziki, ilikuwa honi ya lori lililokwama kwenye foleni. Jengo zima likalichukua jina hilo.

Bwana Honi naye alifanya kazi usiku, kwenye bendi za mjini, ila yeye sijui usingizi aliulalia wapi. Kila mchana, Mama Kimya akishaoga na usingizi kuanza kumchukua, honi inalia. Chini ya kitanda alikuwa ameweka mti wa kusukumia unga, wa zamani, aliouchukua kiwandani zilipoletwa mashine. Anaushika, anapiga ukuta mara tatu: ngo, ngo, ngo. Maana yake nyamaza. Bwana Honi ananyamaza kidogo, mtu anafikiri amesikia, kisha huyo, anaendelea. Wakaishi hivyo, huyu anapuliza, huyu anagonga, na wakikutana kwenye ngazi kila mmoja anatazama ukuta wake.

Kilichomkata maini zaidi ni kwamba mume wake mwenyewe alikuwa upande wa adui. Alikuwa dereva wa gari la mikate, mtu mnene, mpole, mwenye presha, ambaye daktari alishamkataza kushika usukani. Alishinda ndani, na honi ikianza, vidole vya miguu vinacheza chini ya shuka. Mama Kimya aliviona. Akamwambia kama anampenda sana yule bwana basi ahamie kwake, na mume akacheka mpaka kitanda kikalia.

Mume huyo alifia kwenye chumba hicho hicho, mchana, Bwana Honi akipuliza upande wa pili. Tangu siku ile kuna jambo moja tu Mama Kimya alilolitaka kwa yule mtu. Si pole. Pole alipewa nyingi mpaka zikamchosha, na ya Bwana Honi ilikuwemo. Alikuja nayo mlangoni aliporudi safari ya bendi, akafungiwa mlango usoni. Mama Kimya alitaka aulizwe swali: siku ile ulikuwa unagongea nini? Akala kiapo kwamba asiyeuliza haambiwi. Na kwa kuwa Bwana Honi hakuuliza, akahama zake, Mama Kimya hakumwambia mtu. Hata mwanawe wa pekee, aliyekuwa shule ya bweni wakati huo, na aliyefika nyumbani akamkuta baba amekwisha kufunikwa, aliambiwa baba alianguka, basi.

Mwanawe huyo sasa ni mtu mzima, karani kwenye ofisi ya bima, msichana wa kucheka na kila mtu. Hilo alilitoa kwa babake. Ndiye aliyekuja na mpango. Mama amestaafu, mama hajawahi kula raha, Jumamosi jioni mama anatolewa. Mama akauliza wapi. Mahali. Mahali gani? Utapaona huko huko. Mama Kimya hapendi kufichwa mambo, lakini msichana alikuwa na furaha hata kukaa ameshindwa, na kumkatalia ingekuwa sawa na kumzaba kibao. Akavaa gauni lake la maana na kitambaa kipya, akafuata.

Mahali penyewe palikuwa chini ya jengo la maduka, unashuka ngazi nyembamba zilizopakwa dawa ya kung'arisha mpaka zinateleza. Mlangoni kijana wa ulinzi, aliyebanwa na koti lake, alitaka kupekua mkoba. Mama Kimya akamuuliza anadhani mama wa umri huu amebeba bastola au amebeba dawa za mgongo. Kijana akaurudisha mkoba bila kuufungua. Ndani kulikuwa na meza za duara, ndogo kiasi kwamba wawili wakiweka viwiko wanagusana, na mishumaa ndani ya glasi. Kuta zilikuwa za rangi ya damu ya mzee, zimejaa picha za watu wanaopuliza huku wamefumba macho. Mhudumu akaleta soda yenye kipande cha limau ukingoni mwa glasi. Mama Kimya akakitoa, akakiweka pembeni, akasema hicho hakukiagiza.

Kisha akatazama jukwaani. Kulikuwa na piano, ngoma, gitaa la besi lile refu la kusimama, na katikati, kwenye stendi yake, saksafoni. Pembeni mwa ngoma palisimamishwa ubao mpana, mlango mzima wa zamani usio na chumba. Mlango hakuuelewa. Saksafoni aliielewa vizuri, na akashika mkoba wake.

Mwanawe akamwambia ni muziki wa jazi tu, mama tulia kwanza, soda inakungoja. Hapo taa zikapungua, watu wakapiga makofi, na kwenye jukwaa akapanda mzee mwenye mvi na kitambi. Mvi ni mpya, kitambi ni kipya, lakini mabega yale aliyoyapandisha aliposhika saksafoni Mama Kimya angeyatambua hata gizani. Alikuwa Bwana Honi, mzima, amevaa suti.

"Twende nyumbani," Mama Kimya akasema.

Mwanawe akamshika mkono, akacheka, akamwambia mama hasira za miaka yote hiyo zimeshapoa, na kama hazijapoa basi leo ndiyo siku yake. Akasema hayo kwa wema kabisa. Mama Kimya akatazama ule mkono uliomshika, akatazama ngazi zilivyo mbali na meza zilivyobanana, akakaa. Alikaa kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili ya honi, naomba lieleweke hivyo.

Bendi ikapiga wimbo wa kwanza, ikapiga wa pili. Alichokiona ni utovu wa adabu mtupu. Mpiga piano akimaliza zamu yake, watu wanapiga makofi katikati ya wimbo, wenzake bado wanaendelea. Mtu wa besi akipewa nafasi, wengine wote wanaacha kazi, wanasimama wanamtazama. Kiwandani ungesimama hivyo mkate ungeungua. Mwanawe akamweleza kwamba kila mmoja anaachiwa nafasi aseme lake, halafu wanarudi pamoja. Mama Kimya akajibu kwamba huyo mwenye suti siku zote amesema lake na la wenzake. Lakini kila saksafoni ilipopanda, mkono wake wa kulia ulikuwa unapapasa chini ya kiti, unatafuta mti wa kusukumia unga. Mkono una kumbukumbu zake. Akaukalia.

Basi Bwana Honi akasogelea kipaza sauti na kujifuta jasho. Kabla hajasema neno watu walishaanza kucheka, maana hadithi hiyo waliijua, na walikuja kwa ajili yake. Akasema kulikuwa na jirani. Akasema jirani huyo alikuwa mama mmoja, mkali, akikutazama maziwa yanaganda. Akaigiza uso wake, midomo imebenuka, jicho moja dogo kuliko jingine. Ukumbi ukavunjika mbavu. Akasema alikuwa anagonga ukuta kila siku bila kukosa, ngo, ngo, ngo, na ukumbi mzima ukapiga meza pamoja naye, mara tatu, glasi zikaruka. Mwanawe Mama Kimya alipiga meza kwa viganja vyote viwili, macho yanamwangalia mama kuona kama amefurahi.

Mama Kimya hakuamini alichokiona. Akamuuliza mwanawe taratibu kama yeye haya alikuwa anayajua.

"Mama, una wimbo wako," msichana akasema. "Unaitwa Mama Kimya. Mji mzima unaujua. Nilipousikia nilitaka ulie kwa furaha."

Kule jukwaani Bwana Honi alikuwa amefika penyewe. Akasema wimbo wenyewe ulizaliwa siku moja. "Siku hiyo mama yule aligonga kuliko siku zote," akasema. "Hakugonga tatu akaacha. Aligonga mfululizo, bila kupumzika. Mimi nikajiambia, leo jirani ameingia kwenye muziki. Akigonga, namjibu. Akigonga, namjibu. Tulipiga pamoja mchana mzima, na jioni ile niliondoka na bendi kwenda safari, wimbo uko mfukoni."

Watu wakapiga makofi. Mimi sijui utampa mtu kama huyo jina gani. Tusimwite mwuaji, maana hakuua. Lakini masikio alikuwa nayo, tena masikio ndiyo yaliyomlisha, na mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza hakusikia kwamba mkono unaogonga kwa hasira na mkono unaogonga kwa hofu haulii sawa.

Maana siku ile ilikuwa hivi. Mama Kimya alitoka kazini, akaoga, akalala. Aliamshwa na kishindo. Mume alikuwa ameinuka kwenda kuchota maji ya kunywa, akaanguka, na akaangukia mlangoni, mgongo wake wote umeegemea mlango. Mlango ule unafunguka kwa ndani. Mama Kimya alimvuta mikono, akamvuta miguu. Mtu aliyezoea kubeba magunia ya unga hakuweza kumsogeza hata kidogo, kwa jinsi alivyojikunja kati ya kitanda na kabati. Simu ilikuwa imezima chaji na umeme ulikuwa umekatika. Dirisha lilikuwa na nondo, chini uani hakuna mtu, wote wako makazini, na sauti yake ilimezwa na ile honi. Mume alikuwa anapumua kwa kukoroma. Basi akachukua mti wa kusukumia unga, akagonga ukuta. Aligonga mpaka plasta ikabanduka. Na kila alipogonga, upande wa pili honi ilimjibu, tena kwa kuchangamka. Jioni umeme uliporudi, mlinzi wa jengo alipokuja kuwasha taa za ngazi ndipo aliposikia, na mume hakuwa anakoroma tena.

Lipo na jambo jingine ambalo Mama Kimya hapendi liingie akilini: kwamba asingekuwa anagonga kila siku, siku ile angesikika. Likija hulifukuza kwa kugombana na mtu.

Alitaka kuinuka aondoke. Akachelewa. Mwanawe alishasimama juu ya kiti, anapunga mkono, anaita kwamba Mama Kimya mwenyewe yupo, yupo hapa, ni mama yangu. Ukumbi ukageuka. Bwana Honi akaweka kiganja juu ya macho kukinga taa, akatazama, na uso wake ukafunguka kwa furaha ya kweli, hilo tusimnyime. Akashuka nusu ya jukwaa kumnyooshea mkono. Akasema jirani yangu, miaka mingapi, njoo, leo utagonga wewe mwenyewe. Watu wakaanza kumwita kwa makofi ya pamoja.

Kumbe ule mlango jukwaani ndio ulikuwa ukuta wake. Kila Jumamosi walikuwa wanamwita mgeni mmoja, wanamfunga kitambaa kichwani, wanampa mti, anakunja uso na kugonga, na watu wanacheka. Mhudumu alikuwa amekwisha kumletea vyote viwili. Kitambaa Mama Kimya hakukigusa, alikuwa na chake. Mti akaushika. Ulikuwa mwepesi, wa kununua dukani, haujawahi kuona unga.

Akapanda. Bwana Honi alimkaribisha kwa kuinama mpaka kiunoni. Mama Kimya akampita, akauelekea mlango.

Saksafoni ikapiga kipande kifupi, ikanyamaza, ikamwachia nafasi. Akagonga, ngo, ngo, ngo, na meza zote zikagonga naye. Vicheko, miluzi. Kipande kikarudi, nafasi ikaja, akagonga tatu tena. Kipande kikarudi mara nyingine, nafasi ikaja, na safari hii hakuacha.

Aligonga alivyogonga siku ile. Watu walishangilia wakidhani mama amekolea. Bwana Honi akacheka kwa macho, akamjibu kwa kile kipande cha kujibia, kile kile. Mama Kimya akagonga juu ya kipande hicho. Bwana Honi akamjibu tena. Mtu wa ngoma akajaribu kumfuata, akashindwa, kwa sababu hapakuwa na mapigo ya kufuata, akaweka vijiti chini. Piano ikaacha. Besi ikaacha. Kitambaa kilikuwa kimemteremka shingoni, jasho linamwingia machoni, naye anagonga kwa mikono yote miwili, na kwenye meza watu walianza kurudisha viganja vyao mapajani. Hakuna tena aliyecheka. Ikabaki sauti ya mti na ubao.

Bwana Honi akashusha saksafoni. Akamsogelea, akiwa ameacha kipaza sauti nyuma, lakini hata wa viti vya nyuma walimsikia.

"Mama," akasema. "Unagongea nini?"

Mti ukasimama. Mama Kimya alikuwa amepanga majibu ya swali hilo kwa miaka, marefu, yenye matusi yake na laana zake, aliyarudia mbele ya tanuri mpaka akayajua kwa moyo. Hata moja halikuja. Lilikuja lile la siku ile.

"Mume wangu ameangukia mlangoni, siwezi kuufungua," akasema. "Njoo uusukume kwa nje."

Bwana Honi alielewa taratibu. Ungeweza kuona jinsi inavyomwingia, kwanza mdomo, halafu mabega yale. Saksafoni ilining'inia kwenye mkanda wake, hakuishika. Akapiga hatua moja kumwendea, mikono mbele.

"Usije," Mama Kimya akamwambia. "Nilipokuita hukuja. Kaa huko huko."

Akauweka mti juu ya piano, akafunga kitambaa chake vizuri, akashuka. Watu walimpisha njia wakitazama sakafu. Mwanawe alikuwa bado amesimama pale mezani, soda mbili zimemwagika kwa yale makofi ya meza, viganja vyake vimeiva. Alimtazama mama yake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeshuka jukwaani.

"Alikuwa hai?" akauliza. "Ulipokuwa unagonga, baba alikuwa bado hai?"

"Mwanzoni," akasema Mama Kimya.

Akangoja msichana amshike mkono, kama alivyomshika mwanzo. Msichana akachukua koti lake kwenye kiti. Akasema miaka yote hii aliuliza baba alikufaje, akaambiwa alianguka, basi, na leo ameisikia pamoja na watu waliokuja kunywa. Hakupandisha sauti. Akatangulia kwenye ngazi, anapanda haraka, na hakugeuka kumngoja mama yake, ambaye mgongo ulikuwa unamuuma na ngazi zinateleza.